Kabla ya Kuhesabu Umeme wa Lubumbashi, Tuhesabu Lupango

Wahandisi wa miji wanapenda siku hizi kujenga mji mzima ndani ya kompyuta. Wanachukua ramani ya majengo yote, wanayagawa kwa aina (umri, kuta, paa, madirisha, kazi inayofanyika ndani), kisha wanaiachia programu ihesabu kila aina inakula nishati kiasi gani, saa kwa saa, mwaka mzima. Ndipo wanauliza: tukibadilisha madirisha haya, tukiongeza dari kule, tutaokoa nini? Huko Boston, Marekani, chuo cha MIT na mamlaka ya mipango ya mji walifanya hivyo mwaka 2016 kwa majengo zaidi ya 80,000. Sina ugomvi na kazi hiyo. Mji unaotaka kukarabati nyumba zake hauwezi kubisha hodi mlango kwa mlango.

Ila modeli hiyo ikiletwa Lubumbashi bila watu wa lugha, itatudanganya, na uongo wake utakuwa na tarakimu nzuri.

Tuanze na neno jengo. Kwa programu, jengo ni kuta nne zenye paa na mita moja. Kwetu watu hawaishi katika jengo, wanaishi katika lupango. Ndani ya lupango mmoja wa Katuba au Kenya kuna nyumba kubwa ya mwenye kiwanja, vyumba vya wapangaji nyuma, pengine duka mbele na mashine ya kusaga pembeni, na wote wanavuta umeme kwenye waya mmoja. Mita yenyewe mara nyingi haipo: bili inakuja kwa kiasi kilichokadiriwa, taa ziwake au zisiwake. Jijini New York sheria ya mwaka 2009 inawalazimisha wenye majengo makubwa kutangaza matumizi yao kila mwaka, na wachora modeli wanapata kitu cha kulinganisha na hesabu zao. Sisi tutalinganisha na nini?

Halafu kuna jambo baya zaidi. Nyumba isiyopata umeme siku nne kwa juma itaonekana katika hesabu kama nyumba inayotumia kidogo, karibu mfano wa kuigwa. Ukosefu utaandikwa kama akiba. Na kwa kuwa fedha za ukarabati huenda palipo na kitu cha kuokoa, zitakwenda kwenye hoteli na benki za katikati ya mji, zenye viyoyozi na mita zinazosomeka, wala hazitavuka kufika Ruashi.

Wengine wananiambia: umeme wetu ni wa maji, unatoka Inga na mabwawa ya hapa Katanga, kwa nini tujisumbue na mambo ya mazingira? Ni kweli, ni wa maji. Tena laini ya kutoka Inga hadi Kolwezi, takriban kilomita 1,700, ilijengwa kwa ajili ya migodi, si kwa ajili ya sufuria za mama zetu. Umeme ukikatika, bukari inapikwa kwa makala. Kilo moja ya makala ina joto la takriban kilowati-saa 8, na mbabula ya kawaida inapeleka sehemu ndogo tu ya joto hilo kwenye sufuria. Familia inayochoma kilo mbili kwa siku inateketeza kilowati-saa 16 zisizoandikwa kwenye bili yoyote. Miti inayotuzunguka inazijua. Na tusisahau matofari ya kuchoma: ukuta umekwisha kula kuni zake kabla ya mtu kuhamia.

Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia, sisi wa kitivo cha lugha. Mpe mwanafunzi wa ufundi karatasi ya maswali yenye sentensi “Kaya yako hutumia nishati kiasi gani kwa mwezi?” Sentensi haina kosa la sarufi, lakini mlangoni atakutana na kimya. Nishati ni neno la kitabuni, kaya ni la ofisini, na hakuna anayehesabu makala kwa mwezi. Watu wanahesabu gunia, ndoo, fungu la sokoni. Swali linalojibika ni hili: “Jana mulipika na nini, na makala mulinunua ya ngapi?” Kisha mtu apime fungu hilo kwa mizani, sokoni kwa sokoni. Kazi ya namna hiyo inatosha kabisa kuwa kazi ya kumaliza masomo, na mimi ningependa kuona ukumbi umejaa siku inapotetewa.

Swali la baridi nalo litafutiwe maneno yake. Mwezi wa saba kuna watu wanaoingiza mbabula ndani usiku na kufunga mlango, na hewa ya makala inaua bila kunuka. Katika hesabu ya kilowati, dari chini ya mabati ni faida ndogo. Katika nyumba hiyo ni suala la uhai.

Linabaki fundo ambalo hakuna programu italifungua: mpangaji anayepata baridi siye mwenye paa. Mwenye lupango akiweka dari, atapandisha kodi. Ningewaomba wenzetu wa sheria, kwa vile hatuko mbali nao, watuandikie juu ya hilo katika toleo lijalo.