Kuongoza Watu Baharini na Porini ni Elimu

Kila sikukuu inapowadia, fukwe za Dar es Salaam hujaa watu. Vijana wa Manzese, Tandale na Mbagala, ambao siku nyingine bahari huisikia tu kwa majirani, huteremka kwa mabasi na kwa miguu hadi Coco Beach, Kunduchi na Kigamboni. Shule nazo huwachukua wanafunzi kwa mashua mpaka visiwa vya Mbudya na Bongoyo, au huwapandisha vilima vya Pugu. Hili ni jambo jema, kwani mtoto aliyebanwa baina ya kuta za Kinondoni na Temeke anastahili kuiona nchi yake. Lakini liko swali ambalo wazazi hawaliulizi mpaka msiba utokee: Nani anayewaongoza watoto hawa, na kazi hiyo alijifunza wapi?

Mara nyingi anayewaongoza ni mwalimu wa zamu. Huyu ni mtu mwema, hodari wa hesabu au historia, lakini hakufundishwa maana ya maji ya bamvua, wala namna ya kumvuta anayezama asizame naye. Kwa maoni yetu, wakati umefika kwa vyuo vikuu vya Tanzania, Bara na Visiwani, kuufundisha uongozi wa burudani na safari za nje kuwa taaluma kamili yenye shahada yake.

Tunajua kwamba wako watakaocheka. Watauliza kama mzazi wa Temeke aliyeuza vitumbua ili mwanawe asome, alikusudia mwanawe huyo akasomee kupanda milima na kucheza na mawimbi. Swali hilo si la kudharauliwa. Lakini linachanganya mambo mawili, yaani kucheza na kuongoza wanaocheza. Anayecheza huhatarisha roho yake mwenyewe. Anayeongoza amekabidhiwa roho za watu.

Mafunzo ya namna hii hayakuanzishwa na matajiri waliokosa la kufanya. Mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwalimu Kurt Hahn na mwenye meli Lawrence Holt walifungua shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Welisi. Inasimuliwa kwamba Holt alishtuka alipoona kuwa, meli zilipozamishwa, mabaharia vijana walikufa mapema ndani ya mashua za kujiokolea, hali wazee walistahimili. Vijana walikuwa na nguvu, ila hawakuwa wamezoezwa kukabili shida. Baadaye shule ya mwendo huo ilijengwa hata Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro.

Uingereza hiyo hiyo ilikuja kupata somo la pili, tena kwa machozi. Tarehe 22 Machi, 1993, wanafunzi wanane kutoka Plymouth walipelekwa kupiga makasia katika vimtumbwi kwenye Ghuba ya Lyme. Waliowaongoza walikuwa na ujuzi wa mwanzo tu. Upepo ukawasukuma nje, msaada ukachelewa, na wanafunzi wanne wakafa maji. Ikadhihirika kwamba mwaka uliotangulia wakufunzi wa kituo kilichowapeleka walikwisha kuonya kwa barua juu ya usalama, wasisikilizwe. Mwaka 1994 kampuni na mkuu wake walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya kuwataka wanaoendesha shughuli hizo kwa vijana wawe na leseni.

Je, sisi nasi tunangoja mpaka tuzike watoto wanne ndipo tutunge utaratibu?

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na robo yao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka 5. Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kufafanuliwa hesabu hiyo. Wanaikumbuka Spice Islander ya Septemba 2011, na wanaikumbuka Skagit iliyoondoka Dar es Salaam Julai 2012 isifike Unguja. Hatusemi kuwa mafunzo ya kuogelea yangeliokoa kila abiria, la hasha. Makosa ya vyombo hayaondolewi kwa kuogelea. Tunasema kwamba taifa lenye pwani ndefu, visiwa na maziwa makuu haliwezi kuendelea kuyahesabu maarifa ya maji kuwa anasa ya wageni.

Jambo la kusikitisha ni kwamba viungo vyote vya elimu hii tunavyo, ila vimetawanyika. Chuo cha Mweka kimefundisha hifadhi ya wanyamapori tangu 1963. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina walimu wa elimu ya viungo na michezo, na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari iko Unguja tangu 1978. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Temeke, Chuo cha Bahari kipo hapa hapa mjini, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kinafundisha utalii. Hata hivyo, kijana anayetaka kuwa kiongozi wa safari za nje hulazimika kuokota elimu yake vipande vipande, hapa huduma kwa wageni, pale habari za wanyama, kwingine ubaharia.

Masomo ya shahada hiyo si vigumu kuyataja. Ni kuogelea na uokoaji; huduma ya kwanza; kusoma ramani na dira; kujua kupwa na kujaa, kusi na kaskazi; hifadhi ya matumbawe na misitu; malezi ya vijana; na sheria. Darasa la vitendo tumejaliwa bure, kwani Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari tangu 1975, na misitu ya Pugu na Pande iko pembeni mwa jiji.

Hapa tuna neno kwa wenye vyuo. Walimu wengine wa elimu hii hawana shahada. Ni manahodha wa Kunduchi, wavuvi wa Nungwi na Mafia, na waongozaji wa Kilimanjaro walioanza kwa kubeba mizigo ya wageni. Chuo kitakachowadharau kitatoa wahitimu wanaoijua bahari ya vitabuni tu. Vile vile wasichana wasisahauliwe. Nungwi imekwisha kuonyesha kwamba msichana aweza kufundishwa kuogelea akiwa amevaa vazi la heshima, bila kuvunja mila wala dini.

Kwa viongozi wetu, tunaomba mambo matatu. Kwanza, kwa kuwa elimu ya juu ni jambo la Muungano, Tume ya Vyuo Vikuu ivikutanishe vyuo vya pande zote mbili viandae mtaala mmoja. Pili, wizara za elimu ziweke sharti kwamba safari yoyote ya wanafunzi majini au porini iwe na kiongozi aliyehitimu, na kila mtoto aliye chomboni avae jaketi la kujiokolea. Tatu, wahitimu hao wapangiwe kazi katika shule na halmashauri, wasiachiwe hoteli peke yake. Mgeni wa hoteli anayo haki ya kulindwa. Mtoto wa Mbagala anayo haki iyo hiyo.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ujasiri wa kiongozi haupimwi kwa umbali aliowafikisha watu. Asubuhi ya safari, watoto wamekwisha panda mashua, nauli imelipwa na nyimbo zimeanza, naye anatazama wingu la kusi na kusema, “Leo hatuendi.” Kusema neno hilo mbele ya walimu na wazazi kunahitaji elimu, na kunahitaji cheti kitakacholipa neno hilo uzito.