Uwazi Unaoishia Kwenye Sentensi Moja

Miongozo mingi ya vihariri vya msimbo, inapofika kwenye seva za lugha, humwagiza msomaji kwa sentensi moja tu: asakinishe seva anayoitaka na ahakikishe kwamba ipo kwenye PATH. Kisha mwongozo unaendelea na mengine kana kwamba kazi imekwisha. Nashikilia kwamba sentensi hiyo ni ukwepaji wa wajibu, na kwamba sisi wanataaluma wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ni washirika wa ukwepaji huo.

Kwa wasio wa fani hii nieleze kidogo. Seva ya lugha ni programu inayofanya kazi kando ya kihariri, kwa kawaida ndani ya kompyuta ileile, ikisoma msimbo na kumjulisha mwandishi palipo na kosa, au mahali jina fulani lilipoanzishwa. Zamani kila kihariri kilihitaji kufundishwa kila lugha ya programu peke yake. Vihariri kumi na lugha ishirini vilidai viunganishi mia mbili. Mwaka 2016 Microsoft, pamoja na Red Hat na Codenvy, ilitangaza itifaki moja ya wazi ya mazungumzo kati ya kihariri na seva, na hesabu ikashuka hadi thelathini. Ni kazi njema, siibezi. Kwa itifaki hiyo mwanafunzi mwenye kompyuta kuukuu anaweza kutumia Emacs au Neovim, akapata msaada uleule anaoupata mwenye mashine ya mamilioni.

Anaweza, kwa nadharia. Mwanafunzi wa Go anaandika amri ya kusakinisha gopls, nayo inakamilika bila malalamiko. Anafungua kihariri, kinamwambia seva haipo. Ipo, ila imewekwa katika folda ya go/bin, mahali ambapo mfumo haukuambiwa upatafute. Mwenzake wa Python anachagua Pyright, akagundua kwamba sharti kwanza awe na Node.js, mazingira ya lugha nyingine kabisa. Amri ya npm inakataliwa ruhusa ya kuandika kwenye folda za mfumo, na ushauri wa haraka anaoupata ni kutanguliza sudo. Ni ushauri mbaya, na katika maabara ya chuo hana hata nywila ya msimamizi. Wa C++ ndiye mwenye mkosi mkubwa: clangd inasakinishwa vizuri, inawaka vizuri, kisha inaujaza ukurasa mistari myekundu kwa sababu haikupata faili la compile_commands.json linaloieleza jinsi mradi unavyojengwa. Kijana anaamini msimbo wake ndio mbovu.

Ongeza suala la matoleo. Hazina ya Ubuntu 22.04 hutoa Neovim 0.6.1. Njia ya vim.lsp.enable inayofundishwa siku hizi ilikuja na toleo 0.11 mwaka 2025. Mwongozo usiotaja toleo wala tarehe humpeleka msomaji kwenye amri ambayo mashine yake haijawahi kuisikia.

Hapa ndipo suala linapokuwa la kisiasa. Aliyechoka hupita mlango ulio wazi: anapakua Visual Studio Code, anabonyeza kitufe, mambo yanakwenda. Simlaumu. Lakini kwa Python anachopewa hapo ni Pylance, ambayo leseni yake hairuhusu itumike nje ya bidhaa za Microsoft. Itifaki ni ya wote, ila njia iliyoelezwa vizuri ni ya mmoja, na ubora wa maelezo ndio unaoamua uwazi huo unamfaa nani.

Nimewasikia wenzangu wakisema wanafunzi ni wavivu wa kusoma. Wasome nini? Wengine husema lugha ya kompyuta ni Kiingereza, basi wajifunze Kiingereza. Hoja hii haina mguu. Kompyuta ikiagizwa kuendesha programu kwa jina lake tu, haipekui diski nzima; hufuata orodha ya folda chache iliyopewa, na orodha hiyo ndiyo PATH. Nimelieleza kwa sentensi moja ya Kiswahili na hakuna aliyeumia. Idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishiriki kuleta Jambo OpenOffice mwaka 2004, miongo miwili iliyopita, kwa hiyo kisingizio cha uhaba wa istilahi kilikwisha zamani. Wapo pia wanaosema akili mnemba itawaelekeza. Hiyo nayo imesoma miongozo ileile isiyo na tarehe, na humpa kijana usanidi wa toleo lililopitwa kwa ujasiri wa mganga wa kienyeji.

Mwongozo unaostahili jina hilo hutaja toleo na siku ulipojaribiwa. Husema upakuaji utakula megabaiti ngapi, maana bando hununuliwa kwa fedha. Huonyesha faili litatua wapi na jinsi ya kuiingiza folda hiyo kwenye PATH bila nywila ya msimamizi. Kwa npm, kwa mfano, inatosha kuielekeza isakinishe ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe. Humpa msomaji jaribio la kuthibitisha, kama vile amri ya gopls version, na humwonyesha kushindwa kunafananaje ili akikuone akitambue. Mwisho humfundisha kuiondoa seva. Afisa wa TEHAMA wa halmashauri anayerithi kompyuta ya mtangulizi wake anauhitaji mwongozo huu sawasawa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Kuuandika, kuujaribu katika mashine tatu tofauti na kuurekebisha kila toleo jipya linapotoka ni kazi ya majuma. Makala ya jarida ambayo huenda isisomwe na watu ishirini ina alama zake katika fomu za kupandishwa cheo. Mwongozo huo hauna hata safu ya kuujazia. Wajumbe wa kamati hizo wananisoma hapa, baadhi yao kila juma. Nawaomba watueleze hadharani safu hiyo itaongezwa lini, na kama haitaongezwa, kwa hoja gani.