Dawa ya Damu na Mtoto Mwenye Homa



Jirani mmoja alinijia jioni na chupa ya dawa ya kuongeza damu. Mwanawe alikuwa na homa siku ya pili, viganja vimepauka. "Dada, nimzidishie kijiko?" akaniuliza. Nikamwambia, "Chupa iweke kwanza. Twende kituo cha afya."

Kwa nini? Madini ya chuma ni chakula chetu, lakini karibu bakteria wote wanaotuletea maradhi nao hawawezi kuzaana bila chuma. Ndiyo maana mwili hukificha. Kingi kimo katika hemu, ile sehemu ya wekundu wa damu inayobeba oksijeni, nayo imefungwa ndani ya chembe nyekundu. Kile kidogo kinachosafiri katika majimaji ya damu hushikwa na protini iitwayo transferini. Tukiugua, ini hutoa homoni ya hepsidini, na milango ya ghala la chuma hufungwa. Hata maziwa ya mama yana mlinzi wake, laktoferini.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Stafilokoki, bakteria wa majipu, hutoa sumu ya kupasua chembe nyekundu, kisha huinyakua hemu na kuivunja ili wapate chuma. Salmonela nao hutoa kemikali ndogo ziendazo kukipokonya chuma na kuwarudishia. Malaria nayo huvunja chembe nyingi nyekundu, na mtoto mwenye malaria hushambuliwa kwa urahisi zaidi na Salmonela katika damu.

Huko Pemba, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku walikuwa na hatari zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali kuliko wasiopewa. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Hata hivyo, wale waliokuwa na upungufu wa chuma tangu mwanzo walinufaika.

Basi mama, usiiogope dawa ya damu, bali itumie kwa utaratibu:

1. Mtoto mwenye homa apimwe malaria na kutibiwa kwanza. Mwulize mganga lini aanze au aendelee na chuma.
2. Penye malaria, chuma kiende pamoja na chandarua, vipimo na tiba.
3. Usizidishe kipimo. Vidonge vya chuma vifungie mbali na watoto, kwani vingi kwa mara moja ni sumu.
4. Mama mjamzito, usiache vidonge ulivyopewa kliniki.
5. Mtoto aliyepauka sana, anayehema kwa shida au aliyelegea, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Mtoto wa jirani alikutwa na malaria. Alitibiwa, homa ikaisha, na mganga akaamuru chupa ile ifunguliwe, kijiko kwa kipimo. Leo viganja vyake vimerudi rangi.