Mgonjwa wa Ngozi Tusimtenge, Tumwite Shambani



Mwaka jana mama mmoja alikuja katika zahanati yetu hapa Shinyanga. Viwiko na magoti yake yalikuwa na mabaka mazito yenye magamba meupe. Majirani walidhani ni ukoma. Hawakula naye tena sahani moja. Hawakumwita tena kulima pamoja. Akawa anashinda ndani. Akanenepa sana. Kadiri alivyonenepa, magamba nayo yalizidi.

Ugonjwa huo huitwa soriasisi. Hauambukizi. Si laana, wala hakurogwa. Ngozi ya kawaida hujibadilisha kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Ngozi ya mgonjwa huyu hujibadilisha kwa siku chache tu. Ndiyo maana magamba hurundikana. Hakuna dawa ya kuumaliza kabisa, lakini hutulizwa.

Unene huuchochea ugonjwa huu. Huleta pia kisukari na shinikizo la damu, na mgonjwa wa soriasisi yumo katika hatari zaidi.

Nilimshauri mama yule apunguze uzito. Akakataa. Alisema, "Nikikonda, watasema nina ukimwi." Hapo niliona kwamba kosa si lake. Ni letu sisi tunaosema.

Mgonjwa afanye nini? Kwanza, apimwe uzito na urefu. Mtu mzima mwenye urefu wa sentimita 160 anafaa awe na kilo 48 hadi 63. Pili, ale ugali kwa kiasi, na mboga kwa wingi, kama mlenda na nsansa. Maharage na dagaa vinafaa. Apunguze mafuta, sukari na maandazi. Aache pombe na sigara. Asishinde na njaa. Uzito upungue polepole. Tatu, alime au atembee nusu saa, siku tano kwa juma. Dawa alizopewa asiziache.

Na sisi tufanye nini? Mwenye mabaka tumshauri aende zahanati. Hata ukiwa ni ukoma, unatibika. Kisha tule naye na tulime naye. Mtu aliyefungiwa ndani na aibu hawezi kupunguza uzito.

Mama yule sasa amepungua kilo 6. Magamba yamepungua, ingawa hayajaisha. Aliyemsaidia zaidi si mimi. Ni jirani yake mmoja, aliyechukua jembe, akapiga hodi, akamwambia, "Twende shamba."

Nasi tufanye hivyo.