Siku ya Kwanza Ugenini Twaificha ya Nini?

Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, tulikuwa tumekaa barazani nje ya msikiti hapa Voi, wazee watano na kijana mmoja. Kijana mwenyewe ni mtoto wa dada yangu, naye amepata nafasi ya kwenda kusoma Cairo, Misri. Hajapata kutoka nje ya Kenya, ila kuvuka mpaka pale Taveta hadi Holili, jambo ambalo sisi wa huku hatulihesabu kuwa safari. Basi kila mzee akawa anampa wasia wake. Ilipofika zamu yangu, maadam mimi ndimi niliyesoma huko, nikamwambia kama nilivyowaambia watu wote tangu mwaka 1984: "Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Cairo ni kwetu. Mimi nilifika siku ya Ijumaa, na Jumaa ile ile nikaiswali ndani ya Al-Azhar." Wazee wakasema mashallah. Kijana akatabasamu.

Usiku ule sikupata usingizi. Maneno yale ni ya uongo, nami nimeyarudia kwa zaidi ya miaka arobaini hata yamekuwa na ladha ya kweli. Nathubutu kusema kwamba katika uongo huu siko peke yangu. Wasafiri wetu, wa Pwani na wa Taita pia, hutusimulia kila kitu cha huko waendako: majumba, magari, vyakula, baridi na joto. Siku ya kwanza huiruka. Ukimbana sana atakwambia, "Alhamdulillahi, nilifika salama," na papo hapo ataanza habari za mwezi wa tatu, alipokwisha kujua njia.

Kwanza nieleze yaliyonipata mimi, kisha nitasema kwa nini naona kimya hiki kina madhara.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Niliondoka Voi usiku kwa gari la moshi mpaka Nairobi, na Nairobi nikapanda ndege, mara yangu ya kwanza. Nilikuwa na sanduku la bati, kanzu mbili mpya, na kopo la visheti alivyonikaangia mama. Mfukoni nilikuwa na barua iliyosema kwamba nitapokewa uwanjani. Nikafika Cairo asubuhi ya Ijumaa, mwezi wa Oktoba, na hapana aliyenipokea. Ofisi iliyohusika, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa imefungwa kwa sababu ya siku yenyewe, na barua ya kuwaarifu kuwa naja ilifika siku sita baada yangu. Naliiona kwa macho yangu.

Sikuhofu sana mwanzoni, kwani nilijiona ni mtu wa Kiarabu. Madrasa nilikuwa nimehifadhi Ajurumiya, na mwalimu wetu alikuwa akinitoa mbele ya wageni nichambue sentensi. Nikamwendea askari mmoja, nikamsalimu, nikamwambia kwa irabu zake zote, bila ya kukosea hata moja, kwamba natamani kwenda Madinat al-Bu'uth, yaani yale mabweni ya wanafunzi wa kigeni wa Al-Azhar yaliyoko mtaa wa Abbasiya. Askari akanitazama. Kisha akamwita mwenzake aje asikie, akaniomba niseme tena. Fikiri, msomaji, mtu aje stendi ya Voi aulize matatu ya Mwatate kwa lugha ya Al-Inkishafi! Ndivyo nilivyokuwa. Hawakunidharau, walifurahi tu. Lakini walichonijibu sikukielewa hata neno moja. Watu wa Cairo herufi ya qaf wanaimeza, jim wanaitamka ga, na ile irabu ya mwisho niliyochapiwa fimbo kwa ajili yake hawana habari nayo kabisa.

Mmoja akanielekeza basi. Nikapanda na sanduku langu, nikasimama mguu mmoja juu ya mguu wa mwenzangu. Tulipita Abbasiya bila ya mimi kujua. Watu walipoteremka wengi nami nikateremka, na kumbe nimefika uwanja wa Ramses, mbele ya stesheni kuu ya gari la moshi.

Kilichonipokea pale ni sanamu ya Firauni. Si maneno ya mzaha: Ramses wa Pili, jiwe la urefu wa karibu mita kumi na moja, aliyeletwa hapo mjini mwaka 1955 kutoka magofu ya Memphis. Wengi humdhania kuwa ndiye Firauni wa Nabii Musa. Mimi nimetoka Voi kuja kutafuta elimu ya dini, na mwenyeji wangu wa kwanza ni Firauni! Nikaweka sanduku chini, nikalikalia.

Hapa lazima niseme neno juu ya mji wetu wa Voi, kwa sababu ndio ulioniponza. Voi ni mji wa wapitaji. Kabla ya reli, misafara ya Mombasa iliyokuwa ikienda Taveta na Kilimanjaro ilikata nyika ya Taru kwa kiu na kuja kupumua chini ya milima hii ya Taita. Ikaja reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza ikatolewa njia ya kwenda Taveta, Voi ikawa njia panda. Tumezoea wageni. Mtu akiteremka stesheni yetu usiku akakalia sanduku lake, robo saa haipiti ila mtu amekwisha kumuuliza: mwenzetu, watoka wapi, unakwenda kwa nani? Basi nami nikakaa nikingoja kuulizwa. Nikangoja saa tatu. Watu maelfu walinipita, na wote walikuwa Waislamu wenzangu, wala hawakuwa wabaya. Walikuwa wanakwenda zao.

Adhana ya Jumaa ikapigwa, si moja, ni nyingi, zikapandana juu ya kelele za honi. Hatua kama ishirini kutoka nilipokaa wanaume wakatandika mikeka na magazeti barabarani, wakaswali. Mimi sikuondoka. Niliogopa kuliacha sanduku. Nyumbani nilionywa habari ya wezi wa miji mikubwa, sikuonywa habari nyingine. Najua, na wakati ule nilijua pia, kwamba sheria inamsamehe msafiri sala ya Jumaa. Lakini mtu aliyeagwa kwa dua na msikiti mzima ati anakwenda Al-Azhar, chuo kilichoanza karne ya kumi, kisha Jumaa yake ya kwanza aipitishe amekalia bati chini ya Firauni, akilia! Nililia, na sauti ilitoka.

Aliyeniokoa alikuwa bawabu wa jumba moja la jirani, mzee Mnubi, mweusi kama mimi. Hakunipokea kwa maneno mengi. Aliuliza, "Min fen?" nikasema Kenya. Akaniletea chai, akasema pole pole, neno moja moja, mpaka nikaanza kumfahamu. Aliniambia kwamba kijiji chao kilizama kwa maji ya Bwawa Kuu la Aswan, wakahamishwa mwaka 1964, na kwamba yeye naye alipofika Cairo mara ya kwanza alilala ndani ya stesheni ile ile. Kisha akanishika mkono kama ashikwavyo mtoto, tukavuka barabara, akanipandisha basi, akanifikisha mpaka langoni. Nauli akalipa yeye. Nikampa kopo lote la visheti. Nasikitika kwamba sikumuuliza jina.

Magharibi ilikuwa imekwisha kuingia. Mlango ulifunguliwa na kijana wa Lamu, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Umekula?" Usiku ule nikawahadithia wenzangu mambo yangu, wakacheka hata wakashika mbavu, maana kila mmoja alikuwa na yake. Mmoja alizunguka mji kutwa na barua aliyoishika juu chini. Mwingine aliingia jumba la harusi akidhani ni bweni, akala, akaaga. Kisha wakaniambia, tena kwa nia njema, kwamba habari hizi haziandikwi nyumbani. Nikachukua kalamu nikaandika kwamba wapokezi walikuwepo, na kwamba Jumaa nimeiswali Al-Azhar. Barua ilisomwa kwa sauti barazani Voi. Bibi yangu, Mungu amrehemu, aliwagawia watoto tende.

Sasa madhara. Baada ya miaka miwili alinifuata kijana mwingine kutoka huku kwetu. Alikuja ameitegemea barua yangu: hakuandika anwani popote, hakubeba fedha za nauli, kwa sababu wapokezi si wapo? Alilala usiku mbili stesheni. Nami nilikuwa Cairo ile ile, mwendo wa nusu saa, sina habari. Hakunilaumu, alinieleza baada ya miaka ishirini, nyumbani kwake Wundanyi, naye akicheka. Mimi sikucheka.

Watu husema kuficha ni murua, kwamba mtu mzima haeleezi alivyolia. Nami nauliza: Ibn Battuta hakuwa mtu mzima? Msafiri huyu tunamjua hapa Pwani, maana mwaka 1331 alifika Mombasa akalala usiku mmoja, akaendelea Kilwa. Alitoka kwao Tanja mwaka 1325, peke yake, na umri wake ni miaka ishirini na moja. Kitabuni mwake anaeleza kwamba msafara wao ulipofika Tunis wenyeji walitoka kuwaamkia wenziwe, huyu akisalimiwa na yule akikumbatiwa, na yeye hapana aliyemjua wala kumpa salamu. Akalia machozi mengi, hata mmoja wa mahujaji akamwona, akamjia, akamsemesha mpaka wakaingia mjini. Haya aliyaimlisha baada ya miaka kama thelathini, akiwa amekwisha kuwa kadhi katika nchi mbalimbali na kukaa na masultani. Angeweza kuyaruka. Sisi tuliokwenda mahali pamoja tu tukarudi, tunayaruka.

Na kama ingekuwa ni wanafunzi peke yao nisingeshika kalamu. Lakini nakaa Voi, na stendi naiona. Naona wasichana wanaoteremka kutoka Taveta, Mwatate na Wundanyi, kila mmoja na begi moja, wanakwenda kupanda ndege ya Riyadh au Doha kufanya kazi za nyumbani. Huyu hangojwi na bweni wala na kijana wa Lamu. Anaingia nyumba ya watu asiowajua, na mara nyingi siku hiyo hiyo ya kwanza ndiyo paspoti yake inapochukuliwa kuwekwa kabatini, ingawa sheria za nchi kadhaa za Ghuba zinakataza. Mtaani mwake wako wanawake waliokwisha kupita humo. Amewauliza, nao wamemwambia kuzuri, kwa sababu wamerudi na blanketi na bangili, kwa sababu mama zao walikopa fedha za kuwapeleka, na kwa sababu wakisema kweli kuna shangazi atakayeuliza mbona fulani alistahimili. Wapo walioangukia watu wema, sikatai, nawajua. Hata hao, siku ya kwanza hawakujua kama wataangukia wema. Mtu akiambiwa mapema ataandika jina kamili la mwajiri na nambari ya ubalozi katika karatasi, na si katika simu ya mkono peke yake, kwani simu nayo huchukuliwa. Atamwachia mama yake nakala ya paspoti. Haya ni mambo ya dakika tano, na anayeyajua ni yule aliyekwenda, naye anatutajia bei ya dhahabu.

Mzee mmoja pale barazani, nilipomdokezea fikira hizi, alinikataza. Alisema tukiwatisha vijana hawatakwenda kokote. Sikumjibu, nikaenda nikamwita mpwa wangu.

Nilimweleza yote, tangu askari mpaka visheti. Alisikiliza kimya. Nilipomaliza nikataka kumpa angalau jambo moja la kumfaa, nikamwambia akipotea aulize uwanja wa Ramses, sanamu ile haikosi kuonekana. Akatoa simu yake akatafuta, kisha akasema kwa adabu, "Mjomba, sanamu waliiondoa mwaka 2006. Sasa iko katika jumba la makumbusho huko Giza." Tena akanionyesha ramani ya treni za chini ya ardhi, ambazo mimi naziacha mwaka 1984 hazipo, zilianza 1987. Nikaona aibu ya pili. Lakini akauliza, "Ulipolia, watu walikutazama?" Nikamwambia hapana, hakuna aliyetazama. Akasema hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, na tangu apate barua yake hajalala vizuri, wala hakuwa na wa kumwambia.

Anaondoka Jumatano kwa treni ya Madaraka kwenda Nairobi. Nimempa namba za vijana wawili wa huku walioko Cairo, na dada yangu anakaanga visheti, makopo mawili.

Limebaki la mama. Ana miaka themanini na sita, na mpaka leo katika hitima za wanawake hapa Voi huwahadithia wenziwe kwamba mwanawe alifika Misri Ijumaa, akaiswali Jumaa Al-Azhar. Yeye hasomi, lakini mjukuu wake humsomea gazeti hili kila linapotoka, ukurasa huu hasa. Asubuhi hiyo, wallahi, nitakuwa nimekwenda Mwatate.