Damu ni yetu, matokeo pia ni yetu

Vijana wenzetu,

Kuanzia Novemba 2018, wagonjwa 681 wa Ebola waliingia katika jaribio la dawa nne kule Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Moja ya zile dawa, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995.

Marekani ilitoa sehemu ya pesa. Kwao, utafiti unaolipwa na NIH lazima uwekwe katika PubMed Central, watu wote wasome bure. Tangu Julai 2025, hakuna tena kungoja miezi 12. Sababu ni moja: raia alisha lipa kodi.

Na sisi je? Sisi tulilipa na miili yetu. Juu ya nini muuguzi wa Butembo aombwe dola ili asome habari ya ugonjwa wenye ulimaliza jirani zake?

Tunadai mambo mawili. Kila utafiti wa afya unaofanyika Kongo kwa pesa ya umma uwekwe wazi siku ile ile unatoka. Na muhtasari wake, kwa Kiswahili na Kifaransa, ufike kwenye vituo vya afya.

Hatuombi zawadi. Ni haki yetu.