TAHARIRI: KONDOO ANAYECHECHEMEA ASIFICHWE



Masika yameshika, njia ya kisimani ni tope tupu, na kondoo wameanza kuchechemea. Katika zizi moja tumemkuta kondoo jike anakula majani huku amepiga magoti, miguu ya mbele haimudu tena kusimama. Mwenyewe akatuambia, "Aa, amejikwaa kwenye jiwe tu." Jiwe gani hilo linalotoa harufu?

Sisi tunasema wazi: huko ni kuoza kwato, na ni ugonjwa wa kuambukiza. Unaletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mgonjwa huvidondosha kwenye tope, vikamwingia mwenzake pale ngozi ilipolainika kwa maji, katikati ya kwato. Mshike kondoo, mgeuze, mtazame hapo. Ukiona wekundu na utelezi wa kijivu unaonuka, na gamba la ukwato limeanza kubanduka, usitafute jiwe.

Malishoni vijidudu hivi kwa kawaida havipiti wiki mbili. Lakini ndani ya ukwato wa mgonjwa hukaa miezi na miezi. Basi anayeturudishia ugonjwa kila masika ni yule aliyefichwa tangu kiangazi.

Na wanaoficha wapo. Eti bei itashuka mnadani. Wanawapitisha kondoo wao kisimani alfajiri, wenzao wamelala. Jirani mwenye kondoo wanne, aliyetegemea kuuza mmoja anunue sare za watoto, anaamka siku moja wote wanne wanachechemea. Hatutaji mtu ubaoni hapa, lakini ushirika hauwezi kulinyamazia jambo hili.

Tena kuna habari ya kisu. Mafundisho ya zamani yalisema ukwato uliooza uchongwe mpaka damu. Siku hizi wataalamu wanakataza. Uchunguzi uliofanywa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kondoo waliochongwa walichelewa kupona, na waliochomwa sindano ya oksitetrasaiklini bila kuchongwa walipona upesi zaidi. Na kisu kile kile kikienda zizi hadi zizi, kinabeba ugonjwa. Kwa hiyo wekeni visu chini. Sindano ni kazi ya Bwana Mifugo, yeye ndiye anayejua kipimo kwa uzito wa mnyama. Na aliyechomwa asichinjwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

Dawa ya kuoshea miguu ni salfeti ya zinki: kilo 2 kwa ndoo ya maji ya lita 20. Maji yafunike kwato, kondoo wasimame humo robo saa, kisha wakae mahali pakavu kama saa moja. Wanywe maji kwanza nyumbani ili wasije na kiu wakainywa dawa. Wengine wanauliza habari ya mrututu. Mrututu unafanya kazi, ndiyo, ila kondoo hastahimili shaba kama ng'ombe. Akiunywa unaweza kumwua. Sisi tumechagua zinki.

Kondoo mgeni, awe wa kununua au wa mahari, akae peke yake mwezi mzima kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Angalizo: mkiona malengelenge juu ya kwato au vidonda mdomoni, na hasa ng'ombe nao wanatoa mate na kuchechemea, hiyo huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo. Usitoe mnyama zizini hata mmoja. Mwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo.

Kuosha ni Jumamosi saa 2 asubuhi, nyuma ya ghala, mbali na kisima ili dawa isiingie maji ya kunywa. Wazima wataanza, wanaochechemea watafuata, na hao hawatarudi na wenzao. Watakwenda zizi la pembeni la ushirika. Hakuna atakayetozwa faini kwa kuleta mgonjwa. Vijana waje na majembe saa 1. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.

Katibu